Mtama Amefika Nyumbani

Jumamosi, 1 Juni 2024. Tengeru

Nimeamua: nachukua mbwa. Kwa miaka mingi ya uuguzi nimekaa nyumba za serikali na vyumba vya kupanga, mahali ambapo mbwa hakubaliki au hana pa kujinyoosha. Sasa nimestaafu, niko kwangu. Michongoma imeshikana vizuri na fundi amemaliza lango.

Mwanangu kapiga simu jioni. Anataka kuninunulia mtoto wa German Shepherd kwa mfugaji mmoja wa Njiro. "Mama, chukua mbwa wa maana, wa ulinzi." Nimemshukuru, nikamkatalia. Yule wa kununuliwa atapata mwenyewe hata nisipomchukua mimi. Namtaka aliyekwisha kutupwa. Miaka yote wodini nimeona yanayotokea mbwa akikosa mwenyewe: anaumia yeye kwanza, halafu anaumia mtoto wa mtu. Nikimtunza mmoja ipasavyo, nimepunguza maumivu ya pande zote mbili.

Mjukuu wangu wa darasa la tatu, ninayekaa naye, ameuliza mbwa atalala wapi. Nimemjibu kwamba tutamtengenezea sehemu mbili, ndani na nje, achague mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwenye kituo cha kuokoa wanyama, upande wa Usa River. Watoto wa mbwa walinivamia miguuni, kila mmoja anataka kubebwa. Hao watachukuliwa tu, sikuwa na wasiwasi nao. Nilimuuliza kijana anayewahudumia ni yupi amekaa siku nyingi bila kuulizwa na mtu.

Akanipeleka banda la mwisho. Jike, mwekundu wa rangi ya mtama ulioiva, kifua cheupe, masikio yamesimama nusu. Alikuwa amejibana kwenye kona, uso kaelekeza ukutani. Kijana akanieleza kwamba aliokotwa na waya shingoni. Bila shaka alifungwa angali mdogo, akakua, waya haukulegezwa, ukazama kwenye nyama. Iliwabidi wamlaze kwa dawa ya usingizi ndipo wautoe. Kovu limemzunguka shingo nzima, halina manyoya, limeinuka kidogo na linang'aa.

Nilikaa chini sakafuni, nikampa ubavu, nikatazama kando. Mbwa mwenye hofu ukimkazia macho anaona unamtishia. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu. Hakuja. Ila aligeuza kichwa, akanusa hewa ya upande wangu, na hiyo ilinitosha.

Wameniuliza maswali mengi, na nimefurahi kwamba wanauliza. Ua upo? Mchana nani anakuwa nyumbani? Atafungwa mnyororo? Nikifariki nani atamchukua? Amekwisha kufungwa kizazi, amepewa dawa ya minyoo, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ipo. Watamleta wenyewe wapate kuiona nyumba.

Jumamosi, 8 Juni

Amefika. Jina tumemwita Mtama. Mjukuu ndiye aliyesema.

Alishushwa kwenye pikapu ndani ya tundu la waya. Tulipolifungua hakutoka. Mwenzangu mmoja wa zamani wa kazini, aliyekuja kutusalimu, akashauri tumvute kwa kamba. Nimekataa. Tumeacha mlango wazi, tumeweka bakuli la maji karibu, tukaondoka wote. Baada ya giza kuingia nimemwona kwa dirishani akipita chini kwa chini, tumbo linakaribia kugusa nyasi, mkia ameubana katikati ya miguu, akaenda kujificha nyuma ya tanki la maji.

Ndani nimemtandikia blanketi, nje nimemwekea gunia juu ya mbao. Hajataka hata kimoja. Nimempelekea gunia huko huko nyuma ya tanki.

Alhamisi, 13 Juni

Anakula usiku tu, tukishalala. Nampikia ugali laini wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi, siku nyingine utumbo. Nimemweleza dada anayetusaidia kazi kwamba makombo ya mezani asimpe. Mchuzi wetu una vitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba chakula cha mbwa ni kile kinachobaki. Wengine wamewaua mbwa wao kwa ukarimu huo.

Leo asubuhi niliinua fagio la chelewa nifagie uwanja. Mtama alianguka chini palepale, akajikojolea, akafumba macho. Hakulia. Alikuwa anasubiri pigo.

Nimeliweka fagio chini, nikaingia ndani. Ninajua mgonjwa aliyepigwa anavyoonekana; nimewapokea wanawake na watoto wengi wenye hali ile. Kwao kama kwake, maneno matamu hayasaidii sana. Kinachosaidia ni saa ileile, sauti ileile, mkono uleule, kila siku, mpaka mwili uanze kuamini kwamba leo pia halitatokea jambo. Kuanzia sasa uwanja utafagiliwa saa moja na nusu asubuhi, yeye akiwa amekwisha kupewa chakula upande wa pili wa nyumba.

Jioni jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu, alinisimamisha barabarani. "Dada, nimesikia umeleta mbwa. Sina neno naye. Ila asifike barazani kwangu, pale ndipo ninapotandika mswala." Nimemwahidi, na ahadi hiyo nitaitimiza: lango litakuwa limefungwa wakati wote, na tukitoka atakuwa kwenye kamba. Ameniambia baba yake, kule Kondoa, alikuwa na mbwa wa kulinda mifugo, na aliwatunza vizuri kwa sababu kumnyima mnyama chakula ni dhambi. Tumeachana kwa heri.

Jumapili, 23 Juni

Daktari wa mifugo amekuja. Kijana msikivu, amesomea Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Ijumaa niliona Mtama amepoa, bakuli limebaki vilevile, na alipopiga miayo fizi zilikuwa nyeupe kuliko kawaida.

Daktari alimfunga mdomo kwa bendeji laini, akampima joto: homa. Kisha akanionyesha katikati ya vidole vya mguu wa mbele. Nilidhani ni mbegu za majani. Walikuwa kupe, wa kahawia, wamejipanga kwenye ngozi laini ambapo hakuna anayetazama. Wengine walikuwa ndani ya sikio, kwenye ile mikunjo ya chini. Tumewatoa mmoja mmoja kwa kibano, tukiwashika karibu kabisa na ngozi na kuwavuta taratibu bila kuwaminya, maana ukimminya anatapika ndani ya jeraha.

Damu imechukuliwa ikapimwa. Ni homa ya kupe, ile ya kijidudu cha Ehrlichia. Tiba ni doxycycline kwa siku 28, na kwangu mimi kuhakikisha kidonge hakikosekani ni kazi ninayoijua hata nikiwa usingizini. Nakificha kwenye kipande cha ini. Banda na nyufa za ukuta zitapuliziwa dawa, kwa sababu kupe huyu akishiba huanguka na kwenda kutaga ukutani.

Jambo moja nataka nilikumbuke. Wakati namshika kichwa daktari akimchoma sindano, Mtama aliegemeza kidevu chote kwenye kiganja changu, uzito wote. Huenda ni udhaifu wa homa. Hata hivyo aliegemea.

Jumamosi, 6 Julai

Tarehe hii niliifundisha kwa wanafunzi wa uuguzi kila mwaka. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, alichomwa sindano ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotengenezwa na Louis Pasteur. Alikuwa ameng'atwa sehemu nyingi. Alipona, akakua, akawa mtu mzima.

Mgonjwa wangu hakupona. Ilikuwa Mugumu, Serengeti, miaka ya 1990. Mvulana wa umri kama wa mjukuu wangu, kang'atwa shavuni na mbwa wa mitaani majuma kadhaa kabla. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Mama yake alimleta kwa sababu mtoto anataka maji, ana kiu, lakini kikombe kikisogezwa koo linajikaza na anapiga kelele. Tulijua palepale. Virusi hupita kwenye neva kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayenusurika. Nilifunga mapazia asisumbuliwe na mwanga wala upepo. Mama yake alikaa naye mpaka mwisho.

Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, mara tu baada ya kung'atwa, kisha mbio kwenda hospitali kupata chanjo. Hilo lingeweza kumwokoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Virusi hivyo, mara 99 kati ya 100, vimetoka kwa mbwa.

Naandika haya Mtama akiwa amelala kwenye kizingiti cha jikoni, nusu ndani, nusu nje. Mtu angeweza kuniuliza nawezaje kumpenda mbwa baada ya wodi ile. Jibu langu ni kwamba mbwa aliyemng'ata mtoto yule alikuwa mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa uleule, na hakuna aliyekuwa amemtunza.

Jumapili, 21 Julai

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Mtama amelala ndani kwa mara ya kwanza, kwenye blanketi, kajikunja, pua chini ya mkia. Amekuja mwenyewe.

Leo nimemkumbuka Popi, mbwa wangu wa mwisho kabla ya Mtama. Katika mji niliokuwa nafanya kazi ilitokea hofu ya kichaa, ukatolewa uamuzi wa kuua mbwa wote watakaoonekana nje. Popi alikuwa amelala mlangoni pangu, mimi niko zamu ya usiku. Kadi yake ya chanjo ilikuwa kabatini, imejazwa vizuri. Nilirudi asubuhi nikamkuta ameshapakiwa kwenye mkokoteni na wengine. Hakuna aliyeniuliza kadi.

Sikufuga tena. Nilichukia kule kuuawa bila kuulizwa, na niliogopa kumweka mbwa mwingine mahali ambapo kadi yake haimlindi.

Nimesoma sana kuhusu jambo hili tangu wakati ule. Kuua mbwa hakumalizi kichaa. Watu huwaficha au huwahamishia mbwa wao kijiji kingine, na ugonjwa husafiri nao. Wanaouawa kwanza ni walio karibu na watu, ambao mara nyingi ndio waliochanjwa. Nafasi yao hujazwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali, kila mwaka. Ukifika hapo, mbwa mgonjwa hana wa kumwambukiza. Mbwa aliyechanjwa anayelala mlangoni ni ukuta wa kumlinda mtoto wa jirani. Popi alikuwa ukuta huo, wakaubomoa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Tumekwenda viwanja vya Themi, mimi na mjukuu. Watu walijaa kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai. Mimi nilitafuta watu wa mifugo niwaulize kuhusu chanjo ya mbwa vijijini.

Nimekutana na mtaalamu mmoja aliyepata kufanya kazi vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti, ambako mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa mpango tangu mwaka 2003. Tuliongea mpaka mjukuu akasinzia kwenye kiti. Alinikumbusha mwaka 1994, nilipokuwa bado huko, simba walipoanza kufa. Ilikuwa distempa, ugonjwa ambao mbwa wa vijijini nao walikuwa nao, na iliondoka na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi. Watalii waliwalilia simba. Njia mojawapo ya kuwalinda ilikuwa sindano ya mbwa wa mchunga mbuzi.

Kilichonifurahisha zaidi ni habari ya majokofu. Sisi wauguzi tumeteseka na chanjo: nyuzi joto 2 hadi 8, umeme ukikatika roho juu. Utafiti uliofanywa hapa nchini umeonyesha kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Watafiti wetu wakatengeneza chombo cha udongo kinachopozwa kwa maji, bila umeme, chanjo ikakaa kijijini kwenyewe, mtu akachanja mbwa wakati wowote badala ya kungoja gari lije mara moja kwa mwaka. Bibi yangu alipoza maji ya kunywa kwa njia hiyohiyo.

Jumapili, 1 Septemba

Tumemtembeza Mtama hadi Ziwa Duluti. Alinusa kila mzizi. Bodaboda ikipita analala chini kidogo, kisha ananitazama usoni, kisha anaendelea. Kunitazama huko ni jambo jipya.

Kijana mmoja njiani kasema, "Shikamoo mama. Huyo si mbwa shenzi tu?" Nimemwitikia marahaba, nikamweleza nilichosoma. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Wengi wa mbwa wa Uganda na Misri walionekana kuwa na asili ya hapahapa Afrika, na si mabaki ya mbwa walioletwa na wageni. Mbwa mwekundu mwembamba, mwenye masikio mepesi na mkia uliopinda, ni uzao wa zamani uliokaa na babu zetu wafugaji, ukavumilia jua na njaa yetu. Kijana alimtazama Mtama upya. Akaomba kumgusa. Nimemwambia aache mkono chini, amngoje. Mtama alinusa vidole vyake, akarudi nyuma yangu. Kijana hakulazimisha. Nimemshukuru kwa hilo.

Mjukuu sasa anawafundisha wenzake shuleni niliyomfundisha: usimguse mbwa anayekula wala anayelala, usimkimbie mbwa usiyemjua, simama wima, mikono kifuani, tazama chini, ukiangushwa, jikunje na ufunike masikio na shingo, ukikwaruzwa hata kidogo, sema nyumbani siku hiyohiyo. Hilo la mwisho nalirudia tena na tena. Watoto huficha kwa sababu wanaogopa kuchapwa, na kuficha ndiko kunakoua.

Jumapili, 15 Septemba

Leo niliinua fagio nikiwa nimesahau kwamba Mtama yuko uwanjani. Aliganda. Masikio yalirudi nyuma, akalamba pua haraka haraka. Nami niliganda hapo hapo. Kisha akajitikisa mwili mzima, kuanzia kichwani hadi mkiani, akatembea kwenda kulala kwenye kivuli cha mgomba. Nikafagia.

Manyoya yameanza kuota pembezoni mwa kovu, meupe. Pale katikati hayataota, daktari kanieleza. Sitaki asahau kwa ajili yangu. Hana deni la shukrani kwangu. Ninachotaka ni ale, alale bila kushtuka, aishi miaka yake iliyobaki bila mtu kumgusa kwa ubaya.

Mwanangu alikuja mwisho wa wiki. Usiku mtu alijaribu lango, na Mtama akabweka, sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia. Mwanangu kaniambia, "Kumbe analinda!" Sikumchukua kwa hilo, na siku akiacha kubweka chakula chake hakitapungua.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Mwenyekiti wa kijiji alikubali ombi letu, daktari wa mifugo akaleta chanjo, tukachanja mbwa kwenye ofisi ya kijiji tangu asubuhi.

Mtama nimemwacha nyumbani, umati ungemtesa na kadi yake bado haijaisha muda. Mimi nilikaa mezani naandika kadi. Watoto ndio waliowaleta mbwa, kwa kamba za katani, kwa kanga iliyokunjwa, mmoja kambeba wake mgongoni kwa sababu mguu ulikuwa na kidonda. Kila aliyekuja na mnyororo mtupu au waya nilimwomba anipe, nami nikampa mkanda wa turubai. Dada anayetusaidia na mimi tulishona mikanda hiyo jioni hizi zote, mipana, yenye nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na shingo. Nilimwonyesha kila mtoto jinsi ya kupima vidole hivyo viwili, na kwamba mbwa mdogo apimwe tena kila wiki kwa kuwa shingo inakua.

Mzee mwenye duka hakuwa na mbwa wa kuleta. Alileta maji ya kunywa kwa watoto waliopanga foleni juani, na katoni ya sabuni za mche. "Nimemsikia mjukuu wako akieleza habari ya dakika 15," kasema. "Kila nyumba iondoke na kipande."

Tumejaza kadi nyingi, lakini hatujafika asilimia 70. Kitongoji cha mtoni hawajaja kabisa; wanadhani mbwa watakusanywa wauawe, na wana haki ya kudhani hivyo kwa waliyowahi kuyaona. Jumatatu nitakwenda na daktari nyumba kwa nyumba, na nitamchukua Mtama kama atakubali kuingia kwenye gari, waione shingo yake na waione kadi yake. Mwenyekiti ameshatoa neno kwamba hakuna mbwa aliyechanjwa atakayeguswa katika kijiji hiki. Nimemwomba aliandike, apige mhuri, libandikwe kwenye mbao za matangazo. Kesho mchana nalifuata.